Macho Yametakata

"Angalia juu, mama," alisema Leonia, muuguzi wa kijiji cha ujamaa huko Puge, akavuta kope ya chini kwa kidole gumba.

Kwa wiki saba alikuwa akimtoa mgonjwa huyu nje ya zahanati ili amtazame macho juani. Mama alibeba maradhi mawili. Kifua kikuu kilimkohoza mpaka damu, kisha ini nalo likaugua na macho yakawa manjano kama bizari. Daktari wa Tabora akasema dawa ya kifua ni kali kwa ini, akaagiza isimamishwe mpaka macho yatakate. Tangu hapo kikohozi kilikuwa kikimmaliza, na Leonia hakuwa na la kumpa ila pole.

Leo jicho lilikuwa jeupe. Jeupe kama pamba ya daraja la kwanza, na vishipa vyekundu vyembamba vikihesabika kimoja kimoja. Akavuta kope ya jicho la pili. Nalo vilevile.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Yametakata, mama! Macho yametakata!"

Akapiga kigelegele palepale, hata wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakasimama. Kisha akakimbilia kabatini, akarudi na vidonge vya kifua na kikombe cha maji.

Mama akavitazama. "Na ini likikataa tena?"

"Tutasimamisha tena. Nitakutazama kila asubuhi."

Mama akaweka kidonge cha kwanza ulimini, akanyoosha mkono kuomba maji.