Ndege wa Kwenye Nguzo

Lapo mchoraji alifika kwenye tanuri la chokaa akihema, mchoro kwapani. Alikuwa amechelewa. Kile kichwa cha nguzo ya kale, cha marumaru, kilichochongwa majani pande zote, kilishatiwa motoni tangu asubuhi kiwe chokaa.

"Mama Nencia, hata hukuningoja?"

"Nikungoje wewe tena? Si ulisema umeshakichora?" Mama mchoma chokaa alijifuta jasho. "Hebu niuone huo mchoro. Mawe nimechoma mengi, sijaona hata moja likiingia karatasini."

Lapo akaufunua. Majani yalisimama safu kwa safu, yote mazima, kama wafanyavyo wachoraji wote wa mji ule: palipovunjika huunga, palipozidi hupunguza.

"Mzuri," alisema mama. "Na yule ndege?"

Lapo alipitisha kidole juu ya majani aliyoyachora. Katikati ya majani ya lile jiwe, mchongaji wa zamani alikuwa amemficha kindege, labda kwa utani wake tu. Lapo hakumchora. Alifundishwa kwamba nguzo za kale hazina ndege, lakini moyo ulikuwa umemsuta.

"Ndiye niliyemfuata, mama. Alikuwa anatazama wapi?"

"Mwanangu, kwamba yupo nilimwona, lakini mie niliangalia uzito tu." Akacheka, kisha akamwona uso, akaacha. "Pole. Kaa basi, unywe maji."

Lapo akaketi na kuokota kipande cha mkaa. Kati ya majani akachora mdomo wa ndege, akaufuta. Akachora jicho. Tanurini jiwe likapasuka kwa kishindo, na vumbi jeupe likaanza kutua juu ya karatasi.