Kichupa cha Mama Pasi

Kabla ya kubisha hodi pale gereji, Mama Pasi alitoa kichupa mkobani, akakipeleka mdomoni, kisha akainamia mtaro kidogo. Pombe nyingine ikamwagikia kifuani. Gauni alilokuwa amelinyoosha vizuri asubuhi, kola imesimama, sasa likanuka kama kaunta ya baa. Akafunga kizibo, akajipangusa midomo kwa kiganja.

Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya kazi yake. Alipiga pasi mashuka ya hospitali, kutwa nzima amesimama. Mwanamke wa makamo, mjane, mpole mpaka basi. Nani angedhani? Lakini pombe ilishaingia nyumbani kwake ikakalia kiti. Redio iliuzwa, kitanda kikauzwa, sufuria nazo zikafuata. Daktari alisema mara ya mwisho, na wala hakupaka mafuta maneno yake.

"Mama, ini limekwisha. Pombe hii isipoachwa sasa, msinirudie hapa. Tafuta kikundi cha watu walioacha. Peke yake mtu hawezi."

Basi akatafuta.

Cha kwanza kilikutana ukumbi wa shule. Mwalimu mstaafu aliyekiongoza alimnusa tangu mlangoni, akaenda kufungua madirisha yote, moja baada ya jingine, taratibu, ili kila mtu aone. "Rudi ukiwa msafi, mama," akasema. Msafi! Sasa mtu msafi angefuata nini pale?

Cha pili kilikuwa juu ya duka la viatu, vijana watupu. Huko alijikwaa, akaanguka chali, gauni likapanda mapajani. Wakacheka. Mmoja akatoa simu apige picha. Mama Pasi alibaki sakafuni akiwatazama usoni, huyu kisha yule, mpaka kicheko kikawaishia. Alilia njia nzima kurudi nyumbani. Jamani, kuchekwa na watu wanaoujua ugonjwa wenyewe kunauma kuliko kuchekwa na wapita njia.

Kilibaki hiki cha gereji, na baada ya hapo hakujua pengine pa kwenda. Jirani alishamwonya kuwa wale ni wahuni tu.

Akabisha, akaingia akiyumba. Watu walikuwa wamekaa juu ya matairi, wanaume kadhaa na mama mmoja mwenye miwani. Mama Pasi akashika meza ya spana ili asianguke, akaenda nayo chini, yeye na spana zote. Kelele zake zingeamsha mtaa.

Hakuna aliyecheka. Kiongozi wao, fundi magari, jitu la mtu lenye sauti ya kukwaruza, alipiga magoti kando yake.

"Umeumia wapi, mama?"

"Sijaumia. Nanuka pombe."

"Hata mimi nilinuka, miaka na miaka. Mke wangu alinilaza nje na mbwa, mbwa akahama."

Hapo ndipo walipocheka, na Mama Pasi naye akajikuta anacheka. Kisha akauliza ghafla, bado yuko chini:

"Mtu akijikojolea hapa mnamfanyaje?"

"Tunadeki," fundi akajibu.

"Akitapika?"

"Tunadeki pia. Ndoo ile pale."

"Na akitoroka, asitake kurudi?"

"Namfuata. Akinitukana nakwenda zangu, kesho namfuata tena. Mimi mwenyewe nilifuatwa hivyo hivyo."

Mama Pasi akafumba macho. Yule mama wa miwani akamwinua, akamkalisha kwenye tairi na kumtilia chai mpaka ukingoni mwa kikombe. Fundi akawa anaitazama mikono ya mgeni wao. Yake mwenyewe ilitetemeka miaka mingi, hata bolti alikuwa hawezi kuishika. Ya huyu mama ilipokea kile kikombe, ikakipandisha mdomoni, na tone halikumwagika.

Kikao kilipokwisha, fundi akachukua koti.

"Twende nikusindikize."

"Nyumbani kwangu hapafai mgeni, mwanangu."

"Kwani mimi mgeni? Twende."

Wakaenda. Mama Pasi alitangulia kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kazini, na lile jitu likawa linahema nyuma yake. Walipofika uani, akatoa kichupa mkobani, akamkabidhi.

"Kamwage. Sikihitaji tena."

Fundi akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kimejaa karibu mpaka shingoni.

"Umenunua leo?"

"Mwezi uliopita. Kabla sijaenda kwa yule mwalimu."

Mlango wa chumba ulikuwa na kufuli kubwa, kwa nje. Mama Pasi akatoa ufunguo aliokuwa ameuvaa shingoni, akafungua. Ndani, juu ya godoro lililolazwa sakafuni, kijana mwenye macho ya manjano alikuwa amejikunyata, anatetemeka mwili mzima.

"Mama," akanong'ona, "na hawa wamekufukuza?"

"Hapana, mwanangu. Vaa viatu."