Kipimo cha Tatu

Namba ilikuwa pungufu tena, na safari hii upande wa pili.

Nusra alifuta jasho kwa ncha ya mtandio, akaitazama skrini kana kwamba itaona haya na kujirekebisha. Alikuwa amesimama tangu alfajiri. Hili lilikuwa lori la nne, na hata chai alikuwa hajanywa.

"Vipi?" aliuliza sajini Turki kwa Kiarabu.

"Mara ya kwanza kulia pungufu, kushoto sawa. Sasa kulia sawa, kushoto pungufu."

"Basi mashine yako imechoka kuliko wewe."

Ndani ya kontena la lori kulikuwa na pipa moja, limekazwa kwa minyororo katikati ya sakafu. Ndani ya pipa, kipande cha chuma chenye mionzi ya nyuklia, kisichozidi kidole, cha kupimia visima vya mafuta, kikirudishwa kwa waliokitengeneza kupitia bandari hii ya Jeddah. Kazi ya Nusra ilikuwa kuhesabu nyutroni, chembe zisizoonekana zinazotoka humo, na kulinganisha na hesabu waliyoichukua wenzake Riyadh jana jioni. Zikilingana, mzigo ni ule ule. Zisipolingana, kuna kilichoibwa.

Na Turki alikwishampata mwizi.

"Tazama," alisema, akigonga karatasi ya safari kwa kidole. "Baada ya kupimwa Riyadh, huyu alisimama mtaa wa Al-Malqa, huko huko Riyadh, dakika nne. Dereva wa lori ana shughuli gani Al-Malqa? Kule ni majumba ya matajiri na wajakazi wao."

Dereva, Mkenya aitwaye Protus, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori, funguo za kontena mkononi, macho mekundu kwa kukesha barabarani. Kando yake palikuwa na chupa mbili za maji. Moja tupu. Ya pili hakuifungua.

"Madam, bado sana?" aliuliza kwa Kiarabu cha kuokoteza. "Jua kali. Mzigo unapata joto."

Turki akacheka. "Tangu lini chuma kikaogopa jua? Wewe muombe Mungu namba zikae sawa. Kipimo cha tatu kikikosea naita polisi, na ikama yako ya kuishi hapa halas, imekwisha. Utazeekea jela."

Protus alisimama, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa kontena, akaanza kunong'ona kwa Kiswahili.

"Anasema nini?" Turki akamuuliza Nusra. "Si bibi yako alitoka huko huko?"

Nusra alitega sikio kwanza.

"Bibi yangu ni wa Unguja," alisema. "Huyu anasali."

Akakisukuma kifaa hadi kwenye alama ya chaki upande wa kulia. Turki akamfuata, akasimama kati ya kifaa na lori.

"Sogea, ndugu yangu. Unanipunguzia hesabu."

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Mwili wa mtu ni maji matupu. Nyutroni hupenya chuma, lakini maji huzizuia. Ukisimama hapo, wewe ni ndoo ya maji."

"Ndoo yenye cheo," Turki akasema, akasogea.

Kabla ya kubonyeza kitufe, Nusra aliinamia ukuta wa kontena, akatamka maneno machache kwa sauti ya chini. Protus akanyanyua kichwa.

"Na wewe je?" Turki akauliza.

"Nami nasali. Nimechoka, sajini."

Dakika kumi kulia. Dakika kumi kushoto. Bati lilikuwa la moto kiasi kwamba mkono haukukaa juu yake. Protus alizihesabu dakika hizo kwa kutembea, hatua sita mbele, hatua sita nyuma, midomo imemkauka.

Kulia sawa. Kushoto sawa.

Turki aliisoma skrini mara mbili, akailinganisha na karatasi ya Riyadh, akashusha pumzi kama mtu aliyepokonywa tonge. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza.

"Halas. Weka saini. Mimi nakwenda msikitini."

Nusra akaweka saini. Hakuongeza wala hakupunguza hata tarakimu moja. Chuma cha watu kilikuwamo chote.

Alingoja mpaka Turki akapotelea nyuma ya ghala. Kisha akaiokota ile chupa ya maji, akampa Protus, na kwa Kiswahili cha bibi yake akasema:

"Mfungulie huyo dada wa Al-Malqa atoke, kaka. Nilimwambia ajibanze pembe ya nyuma, asikae kati ya pipa na mashine, na maskini hakutikisika hata mara moja."