Popo wa Bi Tunu Wanafunga

Bi Tunu anadai kwamba popo waliojaa darini kwake, hapo Sofu, ni Waislamu safi. Eti tangu Ramadhani ianze hawatoki mpaka Mzee Mwinyijuma aadhini magharibi. "Akisema Allahu Akbar tu, hao! Wanakwenda kufuturu," huwaambia watu. Na watu wanakuja na mikeka kutazama.

Anifa, jirani yake, hakubisha. Bi Tunu ni mkubwa kwake, tena ndiye aliyempa mahali pa kupikia mwezi ulipoandama: upenuni kwake, penye kivuli, na makumbi ya nazi ya bure, japo yana moshi wa kutoa machozi. Basi Anifa akawa anawasha jiko, anapasha uji, anatazama.

Siku ya kumi akaona. Popo walimwagika kama kunde kwenye gunia lililotoboka, na adhana ndiyo ikafuata. Siku ya kumi na moja, vilevile.

Mtaa mzima unafuturu kwa adhana ile. Ikiwa inawahi, hakuna mwenye funga hapa!

Kesho yake alasiri akamfuata mzee msikitini.

"Shikamoo babu. Hivi unaadhini kwa saa gani?"

"Marahaba. Saa ilikufa tangu mfungo mosi. Simu nayo ikatumbukia chooni." Mzee Mwinyijuma akanyoosha kidole kwenye paa la Bi Tunu. "Natazama wale. Popo hana tamaa ya futari yetu, mjukuu wangu. Hawezi kutudanganya."

"Yule kijana Rajabu anasema kwa simu yake unawahi dakika kumi."

"Rajabu! Si ndiye yule aliyekutwa na muhogo mdomoni, mchana kweupe, mwaka jana?"

Anifa akarudi polepole, akiwaza. Kweli, popo hawana tamaa.

Jua lilikuwa bado juu ya minazi. Mikeka imeshatandikwa. Bi Tunu kaketi mlangoni, midomo imemkauka, kata ya maji tayari mkononi. Wenzake wote wanatazama darini. Yeye anatazama jiko.

"Anifa mwanangu," akaita kwa sauti ndogo, huku akimsogezea makumbi kwa mguu, "leo kiu imenishika kwelikweli. Wapelekee moshi wao mapema kidogo."