Bibi Asiye na Uso

Tangu sheria iseme uso wa mtu hauchorwi wala haufinyangwi bila idhini yake, Tusekile aliwafundisha watoto kufinyanga visogo. Alikuwa mfinyanzi wa Kyela, na kila Jumamosi watoto kumi na wawili walijazana bandani kwake. Kifaa cha ukaguzi kilichopigiliwa mlangoni kilivipitisha vichwa vyao vya udongo bila tabu: nyuma kisogo, mbele laini kama yai. Banda la mwenzake lilifungwa kwa sababu ya kope mbili tu.

Lugano, binti wa miaka minane, alimfinyanga bibi yake aliyezikwa mwezi uliopita. Marehemu hatoi idhini. Fundo la kilemba lilikaa sawasawa, na sikio la kushoto lilikuwa na pengo lake lile lile.

"Umekikomba vizuri ndani?" Tusekile aliuliza. "Kisipokombwa kitapasuka tanuruni."

"Nimekikomba, mwalimu. Pima."

Tusekile aliingiza vidole kupitia shingoni ili apime unene. Vikagusa pua. Kisha mashavu yaliyobonyea, midomo, na jino moja lililochomoza. Alimfahamu sana yule bibi. Humo ndani ya udongo, bibi alikuwa akicheka.

"Nani kakufundisha hivi?" alinong'ona.

Tusekile aliinua macho. Kila mtoto alikuwa ameingiza vidole ndani ya kichwa chake cha udongo, akipapasa taratibu, macho ameyafumba.

Tusekile akageuka kuitazama taa ya kile kifaa cha mlangoni. Bado ilikuwa ya kijani. Akaanza kupanga kuni tanuruni.