Waridi la Kikombe

Mama Loisi aliposhindwa kuinuka kitandani, mumewe Eliakimu alimpandia bustani ukutani: maua ya makopo ya mafuta, majani ya chupa za sabuni, mashina ya vyuma vya mwavuli. Lilikosekana waridi tu. Kikombe chekundu cha bati alichonywea mkewe ndicho kilichofaa, lakini kila alipokigusa alikemewa: “Kiache, mzee! Unataka ninywe kwa kiganja?”

Asubuhi moja alimletea maji katika kikombe hicho. Mkewe akageuza uso.

“Sasa kikate, Baba Loisi.”

“Kunywa kwanza, mama.”

“Kikate, nilione likichanua.”

Eliakimu aliyamwaga maji taratibu chini ya ukuta, kama mtu amwagiliaye, kisha akaketi na mkasi mkononi, kikombe kikiwa kizima mapajani mwake.