Mikono ya Bi Shufaa

Wewe ungefanyaje, mjukuu wako akirudi nyumbani na mikono ya mke mwenzako?

Siku hizi anayesomea shahada ya pili ya mwendo wa mwili huchagua mzee mmoja tu. Wote wawili huvishwa nyaya, na miondoko ya mikono ya mzee humwingia mwanafunzi maisha yake yote. Raihana wangu, niliyemfundisha mwenyewe kushika kijiko, alimchagua Bi Shufaa, mke mwenzangu, eti kwa ustadi wa kusuka ukili wa mikeka.

Sasa anasuka barazani kwangu, kidole cha mwisho kimenyanyuka kwa maringo, Shufaa mtupu! Hata chai anaikoroga kishufaa.

"Bibi, usinune. Mikono yako ilipimwa ikaonekana inatetemeka."

"Nani kanuna? Koroga chai yako."

Akacheka, akaja kunifunga kilemba. Alipomaliza akanipiga kikofi kisogoni, vilevile Shufaa alivyokuwa akimpiga marehemu mume wetu kila Ijumaa akishamfunga kilemba. Raihana mwenyewe hakujua kwamba amefanya hivyo.

Nikaishika ile mikono.

"Nilitaka uchukue yangu mimi, Raihana. Hivyohivyo inavyotetemeka."